Mshono Ulipona Zamani, Mbona Bado Naumia?

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uniwie radhi kwa mwandiko, maana naandika nikiwa nimeegemea cherehani na mtoto amelala mgongoni, nikinyooka ataamka, nikiinama zaidi ataamka, basi nimekaa hivi hivi nusunusu, na kalamu yenyewe ni ile ya kuandikia vipimo vya wateja. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi kumi na mitatu, kazi yangu ni kushona nguo hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele, na watu wananiita Mama Vifungo kwa sababu anayekuja na shati lililopungua kifungo haondoki mpaka nimempatia kinachofanana. Mume wangu ni fundi rangi. Ukurasa wako naupata kwake. Kila Jumatano akitandaza magazeti kwenye sakafu za watu ili rangi isidondokee, ukurasa wako anautoa kwanza, anaukunja, anauweka mfuko wa shati na kuniletea bila hata doa moja, ingawa yeye mwenyewe hausomi, anasema hayo ni mambo ya wakubwa. Nakueleza hilo mapema ili ujue ni mtu wa namna gani huyu ninayemuumiza.

Mshauri, tendo la ndoa linaniuma. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili. Sisemi kuuma kwa maana ya kuchoka, ingawa kuchoka nimechoka, mtoto anaota meno na sare za shule zinanisubiri, nasema kuuma kwenyewe, panawaka pale mlangoni kama pamepakwa pilipili, na kabla hajanifikia mwili wangu umeshakaza wote, mapaja yamekaza, meno yamekaza, mpaka vidole vya miguu, na baadaye nikienda haja ndogo nashika ukuta. Kabla ya mtoto haikuwa hivyo. Kabla ya mtoto, nisamehe kusema, mimi ndiye niliyekuwa namtafuta.

Nilipojifungua nilichanika nikashonwa. Nikarudi baada ya wiki sita, nesi akampima mtoto uzito, akampima urefu, akamsifia mashavu, halafu akaniuliza bila kuinua macho kwenye daftari, "Na mama hajambo?" nikasema sijambo, akasema haya, unaweza kuendelea na mambo yako ya nyumbani, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikaenda nikaendelea na mambo yangu ya nyumbani na ndipo nilipojua.

Mtoto alipofika miezi minne nikachukua kile kioo cha mkono ninachowapa wateja waone mgongo wa gauni, nikafunga mlango, nikajitazama. Mimi mshono naujua. Nilitafuta palipoachia, palipovuta, palipokunjana, sikuona, mshono umelala vizuri, aliyeushona ana mkono, hata mimi nisingemwambia arudie. Nikasema basi, kazi ya watu imekamilika. Kama mshono umefunga na mimi bado naumia, kilichoharibika si mwili, ni moyo, nimeacha kumpenda mume wangu na sijui niliacha lini. Hayo ndiyo niliyoyaamini miezi tisa mizima, na nikaona aibu hata kurudi kliniki, maana ningewaambia nini? Nitibuni, simpendi mume wangu?

Lakini mshauri, kama simpendi, mbona shati lake moja la kazi nimelificha kwenye droo ya cherehani chini ya zipu, na mchana nikiwa peke yangu nafungua droo nikijifanya natafuta zipu? Linanuka rangi na jasho lake. Akiwa bado hajarudi nazijua hatua zake toka kona ya duka la chuma, ana namna ya kuburuta mguu wa kushoto akibeba ngazi, na moyo wangu unadunda kama wa msichana, halafu akiingia nainamisha kichwa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu, nishone chochote, hata mshono ambao kesho nitaufumua. Zamani alikuwa akipita nyuma yangu ananiwekea kiganja hapa shingoni, panapouma kwa kuinama, anakiacha tu. Kiganja kile ndicho ninachokitamani kuliko vyote. Sasa hata hicho akikinyoosha naruka, kwa sababu naogopa kinakoelekea.

Tuna jambo letu, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Cherehani yangu ina kifuniko, nilikishona kwa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye pazia. Tangu tuoane, siku nikiifunika cherehani kabla jua halijazama, mume wangu anajua kazi imeisha na siku iliyobaki ni yetu. Hatukuwahi kukubaliana, ilitokea yenyewe. Akirudi akakuta kifuniko kipo, brashi zilikuwa zinaoshwa mbiombio, mpaka kesho yake zinakauka ngumu kama vijiti na mimi namcheka, "Fundi gani wewe, brashi zako zina mfupa!" naye anasema, "Aliyefunika cherehani ndiye alipe." Tangu mtoto azaliwe nimekifunika mara moja tu. Ilikuwa Jumapili mchana, mtoto amelala, mvua inanyesha, nikamtamani mno mume wangu, nikataka anishike tu, anifunge mikononi mwake nisikie mvua, basi. Nikafunika. Lakini kifuniko kile kina neno moja tu, hakijui kusema "nishike tu". Akaja anatabasamu, kichwa kimelowa, na mimi nikaona haya kumgeuzia maneno. Nikavumilia. Nilihesabu maua ya pazia. Akaona machozi, akaacha hapo hapo.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Sijambo."

"Unalia, mama."

"Ni vumbi."

"Vumbi na mvua yote hii?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, akiwa amenipa mgongo, na mgongo wake una madoadoa meupe ya rangi ambayo zamani nilikuwa nikiyabandua kwa kucha moja moja, nikataka kunyoosha mkono nikashindwa. Kuanzia siku hiyo analala kwenye godoro sebuleni, anasema mtoto apate nafasi. Cherehani sijaifunika tena, vumbi linaingia, uzi unakatika kila mara, nami naona heri ukatike.

Juzi aliniuliza, ameshika sabuni mpya mkononi, "Mama watoto, ni harufu ya rangi, eh? Niambie tu, sitakasirika." Nikasema si harufu. Hakuniamini. Sasa kila akitoka kazini anajisugua na mafuta ya taa pale bombani, halafu sabuni, halafu mafuta ya taa tena, viwiko vimebanduka, na majirani wanamtania kwamba anataka kubadilisha rangi ya ngozi.

Na mimi vilevile najiosha. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja kunitembelea akaona godoro, akasema, "Wifi, mbona kaka yangu analala sebuleni kama mgeni aliyekosa basi?" Nikamdokezea kidogo tu. Akaniambia huo ni uchafu wa uzazi umebaki, nijioshe kwa maji ya moto na chumvi na ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye ndoo ya kupigia deki, halafu nijikaushe vizuri kwa kitambaa, mwanamume hapendi majimaji. Nafanya asubuhi na jioni, mwezi wa tano huu. Mama mkwe yeye, ambaye sikumwambia kitu ila ana macho, alisema, "Mwachishe mtoto ziwa, mwanangu, maziwa yanakula mapenzi ya ndoa." Mtoto wangu bado anapenda ziwa, akishiba ananishika sikio. Nimwachishe? Kama ndiyo dawa nitafanya, nitalia lakini nitafanya.

Sasa kilichonifanya niandike haraka ni hiki. Kuna mkandarasi amempa mume wangu kazi ya kupaka rangi mabweni ya chuo, mji mwingine, miezi minane, kulala huko huko. Jibu anatakiwa kulitoa Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi hapa hakosi, mshauri, nyumba ya kupaka ipo kila mwezi. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, amevaa viatu. Akasema, "Ukiniambia nisiende, siendi." Nami nilikuwa na pini mdomoni, nikazitoa moja moja nikatafuta la kusema, nikasema, "Fanya unavyoona." Akatingisha kichwa, akachukua ngazi akatoka. Hatua zake nilizisikiliza mpaka kona ya duka la chuma.

Kila mteja anayesimama mbele ya kioo changu namuuliza, "Inakubana wapi?" na wanajibu, kwapani, kiunoni, hapa nikikaa, wengine wanacheka, wengine wanaona haya lakini wanajibu, kwa sababu wameulizwa. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nijibu kabla ya Jumamosi. Sitaki aende. Bado namtaka mume wangu, mshauri, namtaka sana, na mwili wangu unamfukuza.

Mama Vifungo


MSHAURI ANAJIBU

Mama Vifungo, mwanangu, inakubana wapi?

Haya, umeulizwa. Na nimesoma kwenye barua yako kwamba inakubana mlangoni, inawaka, na mwili unakaza kabla ya kuguswa. Hayo ni majibu mazuri sana, daktari angekushukuru. Kumbe kusema unaweza. Tatizo ni kwamba umeliambia gazeti kabla ya kumwambia mumeo.

Kabla ya kuketi kwenye ukurasa huu nilikuwa mkunga miaka ishirini na sita, kwa hiyo nitasema nawe kama mkunga, na nitakugombeza kidogo, vumilia. Wewe umejitazama kwenye kioo ukaona mshono umelala ukasema kazi imekwisha. Nikuulize, fundi: gauni la mteja unalikagua likiwa limening'inia kwenye msumari? Si unamvalisha, unamwambia inua mkono, kaa, inama, ndipo unajua linapovuta? Mshono unaweza kuwa mzuri kwa macho na chini yake kovu likawa gumu, linavuta, lina neva iliyochokozeka. Kioo hakionyeshi hilo. Linajulikana kwa kidole cha mtaalamu, taratibu, akikuuliza "hapa? na hapa?" Umejihukumu kwa nguo iliyo msumarini. Miezi tisa unajiita mke asiyempenda mumewe, na shati la watu umelificha chini ya zipu! Mwanamke asiyempenda mumewe hanusi shati lake mchana.

Sasa sikiliza mwili wako unasema nini. Unanyonyesha. Anayenyonyesha, homoni inayolainisha uke hupungua, pale mahali panakauka na ngozi yake inakuwa nyembamba. Si ukosefu wa mapenzi, wala maziwa hayali ndoa ya mtu. Mkavu ukilazimishwa unachubuka, ukichubuka unaumia, na mwili si mjinga, ukishaumizwa mara mbili tatu unajifunza kujilinda, ile misuli ya chini ya nyonga inajikaza yenyewe hata kabla hujaamua, na ikikaza maumivu yanazidi, yakizidi inakaza tena. Huo ndio mzunguko uliomo. Mwili wako haumfukuzi mumeo, unayafukuza maumivu. Na wanawake walio katika mzunguko huo ni wengi kuliko unavyodhani, ila wote wanasema sijambo.

Halafu juu ya ngozi kavu iliyochubuka ukamwagia dawa ya deki! Mama Vifungo. Hariri unaifua kwa sabuni ya sakafu? Acha leo. Acha chumvi, acha maji ya moto, acha kitambaa cha kujikaushia, na wifi mwambie asante kwa kututembelea. Uke hujisafisha wenyewe ndani, nje panatosha maji ya kawaida. Ule unyevu anaoutukana wifi ndio kinga yako, ndio unaoukosa. Na mumeo naye na mafuta yake ya taa! Mnajisugua wawili kama masufuria, kila mmoja akiutafuta uchafu ambao haupo.

Mtoto usimwachishe kwa sababu hii. Akushike sikio.

Utakwenda kliniki, na safari hii hutampeleka mtoto kupimwa mashavu, utajipeleka wewe. Ukifika usiseme "nina tatizo la kike" ukainamisha kichwa. Sema kama ulivyoniandikia: nilijifungua miezi kumi na mitatu iliyopita, nilichanika, nikashonwa, tendo la ndoa linaniuma mlangoni, panawaka, nikikojoa baadaye panachoma. Kama nesi hainui macho kwenye daftari, rudia. Kama foleni nyuma yako ni ndefu, foleni isubiri, nawe umesubiri mwaka. Omba uchunguzwe kovu, na upimwe kama kuna maambukizi ya uke au ya mkojo, maana hayo nayo huwasha na yana dawa. Uliza kuhusu krimu ya homoni ya kupaka ukeni. Ipo, ni kidogo sana, na daktari atakuambia kama inakufaa wewe unayenyonyesha, usiinunue kwa kusikia. Uliza pia kama hospitali ya karibu ina mtaalamu wa mazoezi ya tiba anayefundisha wanawake kulegeza misuli ya nyonga, maana kuna kukaza na kuna kulegeza, wewe unahitaji kulegeza. Atakufundisha kupumua mpaka tumboni, atakufundisha kulikanda kovu kwa kidole chako mwenyewe kwa mafuta safi, dakika chache kwa siku, mpaka ngozi ikubali. Si kazi ya wiki moja. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki kadhaa, wengine miezi. Wewe unayejua kufumua mshono bila kuchana kitambaa, haraka ya nini?

Ukichunguzwa ukaambiwa hamna kitu na bado unaumia, usirudi nyumbani na "hamna kitu" yako. Nenda kwa daktari wa wanawake. Na ukiona damu isiyo ya mwezi, uchafu wenye harufu mbaya, homa, au maumivu ya tumbo la chini, usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Wengine mnaosoma hapa mkisema mimi sijazaa wala sijashonwa lakini naumia, nanyi inawahusu. Anayeumia ndani kabisa, au hedhi yake inamlaza kitandani kila mwezi, au ameacha kupata siku zake kwa umri na amekauka, kila mmoja ana sababu yake na tiba yake. Hakuna mwanamke aliyeumbwa aumie kitandani. Aliyewaambia ndoa ni kuvumilia alikuwa anazungumzia mambo mengine.

Turudi kwa fundi rangi wako.

Mpaka utakapochunguzwa, lile tendo lenyewe liwekeni pembeni. Nyote wawili, kwa kukubaliana, si kwa kukwepana. Siku mtakayolirudia, tumieni kilainishi cha duka la dawa, kile cha maji, hasa kama mnatumia kondomu, maana mafuta huipasua. Wewe ndiye utakayeongoza, na ikiuma kidogo mnaacha, bila kuomba radhi. Usivumilie tena hata mara moja kwa kumhurumia. Ulipohesabu maua ya pazia hukumpa mumeo zawadi, ulimfanya akuumize bila kujua, na alipojua ikamkata maini. Mtu aliyeacha papo hapo alipoona chozi, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akijilaumu, mtu huyo ukamwambia ni vumbi! Na alipokuja na viatu mguuni kukuomba umzuie, ukamwambia afanye anavyoona. Ataona nini, mwanangu, nawe umezima taa? Yeye hakimbilii mabweni ya chuo. Anaondoka kwa adabu mahali anapodhani ananuka.

Kile kifuniko cha bluu umesema mwenyewe kina neno moja tu. Basi wewe si fundi? Shona cha pili. Tafuta kitambaa kingine kwenye hivyo vipande vyako, rangi nyingine kabisa, na hicho maana yake iwe: njoo, nishike, na haiendi zaidi ya hapo. Siku kikiwa juu ya cherehani, kiganja shingoni kinaruhusiwa, kulala kifuani kunaruhusiwa, kubandua rangi mgongoni kunaruhusiwa, na huna haja ya kuruka kwa sababu unajua kinakoishia. Mwili unaoogopa unahitaji kuguswa mara nyingi bila kuumizwa ndipo uamini tena. Hiyo nayo ni tiba, hata hospitali watakuambia. Cha bluu kikunje ukiweke kwenye droo, pamoja na lile shati. Kitasubiri.

Leo ni Jumatano, na mkandarasi anataka jibu lake Jumamosi. Jioni hii mumeo atapita kona ya duka la chuma, anaburuta mguu wa kushoto, na ukurasa huu uko mfuko wa shati lake, hauna doa. Akikupa, usiupokee. Mwambie, "Leo usome wewe, ni mambo ya wakubwa, na wakubwa ndio sisi." Mpishe akae kwenye kiti cha wateja, nawe kaa kwenye cherehani, anza kushona hicho kifuniko cha pili, taratibu, ili mikono iwe na kazi wakati anasoma.

Atafika mahali fulani ataushusha ukurasa. Usikanyage cherehani kwa nguvu. Atainua kichwa akuulize inakuuma wapi, na hapo, Mama Vifungo, nakukataza kusema sijambo.